Baiskeli ya Mwalimu Atuganile

Hapo zamani, barabara ya Katesh ikiwa bado vumbi tupu, lori likipita asubuhi nguo zinachafuka mpaka jioni, paliondokea kiongozi mmoja wa wasafiri wa baiskeli, jina lake Tluway, ambaye alianguka mbele ya mkwe wake.

Sikilizeni kwanza alivyoanguka, maana mambo yote yalianzia hapo.

Ilikuwa kwenye mteremko wa kuingia Dongobesh. Tluway alikuwa mbele, mgeni wake nyuma. Mgeni mwenyewe alikuwa Mwalimu Atuganile, mama wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mrefu, mstaafu, amepanda baiskeli ya bluu yenye gia nyingi kuliko meno ya Tluway. Walikuwa wametoka Mbulu, wanaelekea mlima Hanang, siku kadhaa za kukanyaga pedeli na baada ya hapo kupanda kwa miguu. Na Tluway, mtu wa makamo, mtu wa maneno, mtu aliyefika Lusaka na Lubumbashi kwa malori na mara moja Ulaya, ambako alipotelea kwenye ngazi zinazotembea zenyewe, alikuwa anamfundisha mgeni kuteremka.

"Mwalimu, kanuni ni moja tu! Ukiteremka, usigeuze shingo! Macho mbele! Maana anayegeuka nyuma..."

Akageuka nyuma ahakikishe kama amesikika.

Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua. Baiskeli ikasimama. Tluway hakusimama. Alipita juu ya usukani mikono imenyooshwa kama mtu anayekwenda kumkumbatia ndugu yake, akapasua ua wa minyaa, akatua katikati ya turubai la mtama ulioanikwa. Mtama ukaruka kila upande. Kuku wakaja mbio kutoka pande nne za boma, wakamshukuru kwa vitendo.

Na kana kwamba hayo hayakutosha, kaptula ikapasuka. Ile kaptula ya kubana, yenye sponji makalioni, aliyopewa na mgeni mmoja wa Norwe na ambayo aliivaa kama wengine wanavyovaa cheo. Ilipasuka nyuma kutoka juu hadi chini, sponji ikaning'inia nje kama ulimi wa ng'ombe.

Akanyanyua uso. Mwenye mtama alikuwa amesimama mbele yake, ungo mkononi. Mwenye mtama alikuwa Mama Tarmo. Mkwe wake.

Mkwe, jamani! Mtu ambaye Tluway, tangu alipooa, hajawahi hata kutafuna mbele yake. Akimwona njiani alivua kofia, akatazama chini, akapunguza sauti kama yuko kanisani.

"Shikamoo, mama," alisema akiwa bado kifudifudi, mkono mmoja ukiitafuta sponji.

Mama Tarmo hakuitika. Alimtazama mkwewe, akautazama mtama, kisha akamtazama yule mgeni aliyekuwa anakuja taratibu, mikono kwenye breki, macho mbele.

"Baba Yasinta," alisema hatimaye, "binti yangu aliponiambia umepata kazi ya kuongoza watu, nilimwuliza, anawaongoza kwenda wapi? Leo nimeona."

Akamtupia gunia tupu. "Jifunge."

Mwalimu Atuganile alicheka mpaka akakaa chini. Mama Tarmo akamletea kigoda, akamletea na uji wa ulezi, na wale wanawake wawili wakazungumza kama waliolelewa nyumba moja, huku Tluway akiokota mtama punje kwa punje na gunia lake kiunoni. Mama Tarmo alipoona viatu vya mgeni, vile vibuti vya mlimani vyenye kamba nyekundu, alishika kimoja akakikunja.

"Hivi umevitoa wapi?"

"Dukani, mama. Vipya kabisa."

"Vipya vilivyokaa dukani mpaka vikazeeka. Soli imeshikwa na gundi. Huko Hanang gundi haipandi." Aliingia ndani, akatoka na makatambuga, viatu vya matairi ya gari, vyeusi, vizito, vilivyolainishwa na miguu yake mwenyewe. "Chukua haya. Ukikwama, vaa. Ila yarudi, maana sina mengine."

Mwalimu akayafunga nyuma ya baiskeli yake ya bluu, akashukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga, mama."

Baiskeli ya Tluway je? Uma wa gurudumu la mbele ulikuwa umekatika na fremu imepinda kama mtu anayeumwa tumbo. Waliipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi aliigeuza, akaigonga kwa koleo, akaisikiliza.

"Hii haichomelewi," alisema. "Hii inauzwa kwa kilo."

Tluway akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Ndani hakucheka. Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kiongozi wa baiskeli asiye na baiskeli ni mtu tu anayesimama njiani. Na Mama Tarmo alikuwa na shamba la vitunguu saumu kando ya mto, na kwa muda mrefu alikuwa akisema, akiangalia pembeni, kwamba mkwe mwenye miguu angefaa sana pale.

"Tutafanyaje?" Mwalimu aliuliza.

"Twende," Tluway akasema. "Wewe utapanda. Mimi nitakimbia."

Akakimbia! Hata leo ukipita Haydom kwenda Basotu utawakuta watu wanaokumbuka. Mbele anakimbia mwanamume mwenye kitambi, suruali ya kuazima imekunjwa magotini, nyuma mama mtu mzima juu ya baiskeli ya bluu anamwambia, "Pole pole, baba, mimi ndiye niliyekuja kutembea!" Kwenye vilima alimsukuma. Kwenye mchanga aliinyanyua baiskeli begani. Walipofika mashamba ya ngano ya Basotu, kule ambako macho hayana cha kushika isipokuwa manjano na mbingu, upepo ukawapiga usoni mpaka baiskeli ikawa inarudi nyuma. Tluway akakaa mbele ya gurudumu, akatanua koti, akakimbia hivyo hivyo akimkingia Mwalimu upepo.

"Sasa naona kazi ya kitambi!" Mwalimu akapiga kelele.

"Nilikifuga kwa ajili yako, Mwalimu!"

Kanga wa porini waliruka vichakani, digidigi akasimama akawashangaa, na mbele yao Hanang ilikuwa inakua kila wakiinua kichwa. Ilikuwa raha ambayo mtu haijui mpaka imekwisha.

Wakafika Jorodom, chini ya mlima. Hapo walikuwa wanasubiriwa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Gidamis, Mbarbaig, mwembamba, mwenye fimbo na maneno machache, anayeujua mlima ule kama mtu anavyoijua nyumba aliyozaliwa. Wa pili alikuwa Sinda, mpishi, Mnyaturu wa Singida, mwenye sufuria zake tatu zilizong'arishwa mpaka unajiona, na mtu asiyekubali kwamba kuna jambo duniani lisiloponywa na chai.

Jioni, chai ikiwa mkononi, Sinda akauliza, "Mwalimu, samahani. Wazee wenzako wanapumzika Tukuyu, wanakula ndizi. Wewe huku umefuata nini?"

Mwalimu Atuganile akatazama juu, mlima ukiwa umevaa wingu lake.

"Nimefundisha jiografia maisha yangu yote. Kila mwaka nilichukua chaki, nikachora pembetatu ubaoni, nikaandika Hanang, watoto wakanakili. Mwaka mmoja kasimama binti, mdogo hivi, akaniuliza, 'Mwalimu, wewe umewahi kufika?' Nikamwambia kaa chini." Akanywa chai. "Nimestaafu. Wote wamekaa, wameoa, wameolewa. Yule binti bado amesimama. Nataka nikamjibu."

Sinda akamwongezea chai.

"Na magoti haya," Mwalimu akaendelea, akiyapiga, "yana safari moja iliyobaki. Nikishuka hapo, sipandi tena baiskeli. Kwa hiyo sikilizeni. Atakayenifikisha juu, baiskeli hii ni yake."

Watu watatu wakageuza macho kuitazama baiskeli ya bluu, iliyoegemezwa mtini. Sinda aliona mboga zake zikienda mnadani bila kumvunja shingo. Gidamis, aliyekuwa na ng'ombe wa kujaza bonde, aliona anawatafuta waliopotea bila kutembea kutwa nzima. Na Tluway aliona vitunguu saumu vikirudi nyuma, vikipungua, vikipotea.

Asubuhi wakapanda.

Mlima Hanang una tabia yake. Chini ni msitu, nyani wanakutukana kutoka matawini, pongo anakatisha njia kama kivuli. Juu ni majani na mawe. Ila maji hauna njiani. Atakayekunywa juu abebe kutoka chini. Sinda alibeba dumu kubwa kichwani, tangu kijijini, bila kulishika kwa mkono, akiimba nyimbo za harusi za kwao.

Hawajatoka hata msituni, soli ya kibuti cha kulia cha Mwalimu ikabanduka. Ikafuata ya kushoto. Zikawa zinapiga makofi kila hatua.

"Mama Tarmo!" Mwalimu akasema, kama anayeita mtakatifu. Akavua vibuti, akavaa makatambuga, akaendelea.

Mchana ukiwa umeegemea jioni wakafika pale pa kulala, sehemu tambarare chini ya mgongo wa mlima. Sinda akashusha dumu, akaliegemeza kwenye jiwe, akaenda kutafuta kuni. Sasa Tluway alikuwa amechoka, na Tluway akichoka huzidi maneno. Akaanza kumsimulia Mwalimu habari za zile ngazi za Ulaya. Akasimama aonyeshe ngazi zilivyokuwa zinapanda. Akaonyesha yeye alivyokuwa anashuka. Akatafuta mahali pa kukaa ili amalizie vizuri, akakaa juu ya dumu.

Kifuniko kikafyatuka. Dumu likateleza. Tluway akabaki chini, miguu juu, kwa mara ya pili katika safari ile, na dumu likaondoka likiruka jiwe hata jiwe, likimwaga, likiingia korongoni, mpaka mlio wake ukaisha.

Sinda akatokea na kuni zake. Akatazama jiwe. Akatazama korongo. Akatazama suruali ya Tluway, iliyolowa.

Sasa kwa Kiiraqw, Tluway ni mvua. Na Sinda alilijua hilo.

"Nimeona mvua nyingi katika maisha yangu," akasema taratibu, "lakini hii ndiyo ya kwanza inayochukua maji badala ya kuleta."

"Ndugu yangu, nilikuwa natoa mfano tu wa..."

"Nyamaza. Ukizungumza unanikausha koo."

Yakabaki maji ya chupa, kila mtu na chupa yake, nayo si kamili. Kulipokucha Gidamis alisema waziwazi kwamba hayatoshi, warudi. Mwalimu akasema harudi. Gidamis akasema mgongo ule una jua na hauna kivuli. Mwalimu akasema anajua, amewahi kuufundisha.

Hapo Sinda akachukua chupa yake, akaifungua, akaimimina yote katika chupa ya Mwalimu, akaigeuza chini juu ili tone la mwisho lisibaki.

"Na wewe je?" Mwalimu akauliza.

"Mimi mpishi. Mpishi haendi kileleni, anasubiri wenye njaa." Akatoa kijiwe mchangani, akakifuta kwa shati, akakitia mdomoni anyonye. "Nendeni kabla sijabadilisha mawazo."

Wakaenda watatu. Na mlima Hanang una tabia yake nyingine, mbaya kuliko ile ya maji. Mgongo wake una vilele vya uongo. Unaona ncha mbele, unasema pale, pale ndipo. Unafika, na mbele kuna ncha nyingine, imekaa inakusubiri.

"Tumefika?" Mwalimu aliuliza chini ya ncha ya kwanza, anahema.

Tluway akamwona rangi ya uso. Akajua akimwambia kweli, hapa hapa atageuka.

"Ile pale, Mwalimu! Ile ndiyo yenyewe. Hata kikohozi kinafika."

Wakafika. Mbele kulikuwa na nyingine.

"Tluway."

"Ah! Hii nilikuwa nimeisahau, Mwalimu. Lakini ile sasa, ile ndiyo mama yao."

Wakafika. Mbele kulikuwa na nyingine.

"Tluway!"

"Mwalimu, nakuapia kwa mkwe wangu, ile ndiyo ya mwisho!"

Wakafika. Mbele kulikuwa na nyingine, na nyuma yake nyingine tena.

Mwalimu Atuganile akakaa juu ya jiwe, miguu imenyooshwa, makatambuga yanatazama mbinguni. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alikuwa na sura ya mtu aliyemaliza.

"Basi," akasema. "Nimedanganywa vya kutosha. Sitaki tena kuambiwa ni hapo. Gidamis, wewe huzungumzi. Niambie wewe. Ni wapi?"

Gidamis akanyoosha fimbo mbali, mbali sana, kule mgongo unakojikunja kama wa ng'ombe aliyelala.

"Kule. Bado sana. Kuna mahali njia ni nyembamba kama ukuta, huku shimo na huku shimo. Wewe umechoka. Hutaweza. Rudi."

Mwalimu akageuza kichwa.

"Nani amesema sitaweza?"

"Mimi."

"Wewe umewahi kunifundisha?"

"Hapana."

"Basi huwezi kunifelisha." Akajiinua kwa mikono miwili. "Kule, umesema. Haya. Angalau sasa najua ninakokwenda."

Wakaenda. Walipofika pale pembamba, Gidamis aliweka ncha moja ya fimbo mkononi mwake na nyingine mkononi mwa Mwalimu, akatembea kinyumenyume, akimtazama usoni, asiyaache macho yake yaangalie chini. Tluway alikuja nyuma akitambaa kwa mikono na magoti, macho mbele, bila kugeuza shingo.

Wakafika juu.

Upande mmoja ziwa Balangida lilikuwa jeupe kwa magadi, upande mwingine nyanda za Singida zimelala mpaka zinageuka bluu. Mwalimu alitazama nyuma, kule walikotoka, akavihesabu kwa kidole vile vilele vyote vya uongo, kimoja baada ya kingine. Kisha akatoa mfukoni kipande cha chaki. Alikuwa amekibeba tangu Tukuyu. Akapiga magoti mbele ya jiwe, akachora mlima, si pembetatu. Akachora mgongo wote, na ncha zake zote.

"Miaka yote nilichora ncha moja," akasema. "Tluway, mimi nimedanganya watoto wengi kuliko wewe."

Tluway akageuka pembeni akajifanya ana vumbi jichoni. Huko juu hakuna vumbi.

Wakashuka. Sinda alikuwa hai, midomo imepasuka, anawasubiri chini ya mwamba, sufuria zimepangwa tayari kana kwamba kuna cha kupika. Walipofika kijijini na kunywa maji mpaka matumbo yakalia, Mwalimu akasimama kando ya baiskeli yake.

"Nilitoa ahadi. Nani kanifikisha?"

Tluway akawa wa kwanza, maana ndiye aliyekuwa na haraka.

"Mwalimu, na nyie wenzangu, sikilizeni. Kutoka Dongobesh hadi hapa nani kamsukuma? Nani kamkingia upepo? Na kule mgongoni, ukweli ungemgeuza kwenye ncha ya kwanza. Ni uongo wangu uliompandisha ya kwanza, ya pili na ya tatu. Uongo wangu una miguu! Bila mimi, Mwalimu angefika?"

Wenzake wakatazamana. "Asingefika."

Sinda akafuata, sauti yake ikikwaruza.

"Huyu bwana alimwaga maji ya watu wote, sasa anadai tuzo ya kuwafikisha. Haya. Mimi kilele sikukiona mpaka leo. Nilinyonya jiwe ili Mwalimu anywe. Alipofika juu, miguu ilikuwa yake, lakini maji yaliyokuwa yanaitembeza yalikuwa yangu. Bila mimi, Mwalimu angefika?"

Wenzake wakatazamana. "Asingefika."

Gidamis akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Huyu alimpandisha kwa uongo," akasema mwishowe, "na uongo ukamkalisha chini. Mimi nilimwambia kweli, akasimama. Pale pembamba nilimshika. Bila mimi, Mwalimu angefika?"

Wenzake wakatazamana. "Asingefika."

"Lakini wewe ulimwambia arudi!" Tluway akaruka. "Ulikuwa unamrudisha!"

"Na akaenda."

"Kwa hiyo unadai tuzo kwa sababu hakukusikiliza?"

"Na wewe unadai tuzo kwa sababu alikusikiliza ukimdanganya."

"Na mimi," Sinda akaingilia, "nadai kwa sababu nyote wawili hamkuwa na maji."

Wakabishana mpaka kuku wakaingia kulala. Mwalimu Atuganile aliwasikiliza wote, uso wake uking'aa kama aliyerudi darasani. Walipoishiwa pumzi wakamgeukia.

"Mwalimu, sema wewe. Wewe ndiye uliyefikishwa."

"Mimi?" Akacheka. "Sijawahi kutoa jibu kabla wanafunzi hawajalijadili likaiva. Jadilianeni. Baiskeli iwekwe mahali. Nitakaporudi mniambie mmefikia wapi."

"Iwekwe kwa nani?" Sinda akauliza.

Gidamis ndiye aliyejibu. "Kwa mkwe wa Tluway."

"Kwa mkwe wake? Si atampendelea?"

"Nimesikia habari za mtama," Gidamis akasema. "Hapana mtu duniani asiyeweza kumpendelea Tluway kama yule mama."

Hata Tluway alikubali kwamba ni kweli.

Kesho yake basi la Babati likaja na wingu lake la vumbi. Mwalimu akawakumbatia mmoja mmoja, akakanyaga ngazi ya basi kwa yale makatambuga ya Mama Tarmo, akakaa dirishani, akapunga mkono mpaka vumbi likamla. Tluway akairudisha baiskeli ya bluu Dongobesh. Hakuipanda. Aliisukuma njia nzima, ili asije akaambiwa kwamba ameanza kuizoea.

Mama Tarmo akaisikiliza habari yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaitundika baiskeli ghalani.

"Haya, baba Yasinta," akasema. "Na wakati mnaamua, vitunguu viko kando ya mto."

Mwalimu alikuwa anapiga simu. Kila mwaka, mavuno yakishaingia, simu ya Tluway ililia.

"Mmefikia wapi?"

"Bado, Mwalimu."

"Nani anaongoza?"

"Sinda anasema yeye. Gidamis hasemi, lakini anaonekana anasema yeye. Mimi nasema mimi."

"Vizuri. Endeleeni." Na kicheko chake kikazama kwenye mawimbi ya simu, kikaisha.

Mwaka mmoja simu haikulia. Tluway akapiga yeye, kwa kuwa hakuzoea mavuno bila ile sauti. Ikapokelewa na binti wa Mwalimu, akasema mama amepumzika. Akasema pia kwamba kulikuwa na picha ya mlima karibu na kitanda, amechora mwenyewe kwa chaki kwenye kibao cheusi, wenye ncha nyingi, na kila aliyekuja kumwona alilazimishwa kuzihesabu.

Siku hizi Katesh kuna lami. Mabasi yanapita Basotu watu wamelala, mlima unawapita dirishani hawaujui. Tluway ana mvi na ananuka vitunguu saumu, na ukimkuta shambani atakusimulia habari za ngazi za Ulaya kabla hujamwomba. Sinda ameacha kubeba madumu, shingo imekataa. Gidamis ana wajukuu, na amepunguza maneno hata yale machache. Lakini kila mwaka baada ya mavuno wale watatu wanakutana uani kwa Mama Tarmo, wanakaa karibu na lile turubai la mtama, wanakunywa togwa, na kabla kata ya pili haijamalizika mmoja wao anasema, "Lakini bila mimi..."

Baiskeli ya bluu haiko tena ghalani. Kwanza Mama Tarmo aliishusha apakie mahindi ya kupeleka mashineni, akawa anaisukuma. Baadaye akachoka kusukuma kitu chenye pedeli. Wajukuu wakamshika, akaanguka, wakamshika tena. Sasa, bibi yule, anateremka ule mteremko wa Dongobesh gunia likiwa nyuma, breki mkononi, macho mbele, hageuzi shingo hata akiitwa.

Basi nyinyi mliosikia nimewapa yote, sikuficha hata ile kaptula. Kuna aliyesukuma, akazuia upepo, akadanganya mpaka ncha ya tatu. Kuna aliyetoa maji yake yote, kilele asikione. Kuna aliyesema kweli na kunyoosha fimbo pale pembamba. Kila mmoja wao akiondolewa, binti wa darasani bado amesimama hajajibiwa. Je, nani alistahili?

Mwaka huu waliona bora wamalize. Togwa ilikuwa imekwisha, jua liko juu bado, na Mama Tarmo alikuwa anafunga gunia lake la mahindi nyuma ya baiskeli. Tluway akavua kofia, akatazama chini kama desturi, akapunguza sauti.

"Mama, shikamoo. Wewe umetusikia miaka yote hii, na huna upande. Tumekubaliana sote, utakalosema ndilo. Baiskeli ni ya nani?"

Mama Tarmo akaweka mguu kwenye pedeli. Mguu wenyewe ulikuwa mtupu.

"Kwanza leteni makatambuga yangu."